Ndugu Karamazov Walikuwa Wangapi? Kwa Nini Tunatamani Kurudia Kitabu Tulichokwisha Kukimaliza



Ndugu msomaji, wapo watu wanaofunga kitabu kinene wakishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Wapo wengine ambao, wakishafika ukurasa wa mwisho, vidole vyao vinarudi vyenyewe kwenye ukurasa wa kwanza. Mwaka jana mimi nilikuwa katika kundi hili la pili. Nilikuwa nimemaliza riwaya ya Ndugu Karamazov ya Mrusi Fyodor Dostoevsky, kwa tafsiri ya Kiingereza niliyoazima maktaba. Ilinichukua miezi minne, nusu saa kila usiku kabla ya taa kuzimwa. Ni kitabu kigumu. Kila mtu ana majina matatu, na mazungumzo ya usiku mmoja yanaweza kujaza kurasa hamsini. Nilipomaliza nilitegemea kufurahi. Badala yake nilijisikia kama msafiri aliyekwisha kupanda basi huku akijua kuna kitu amekisahau nyumbani, ila hakumbuki ni kitu gani.

Nilimweleza padre mlezi wangu, nikidhani ataniambia nirudi kwenye madaftari ya Metafizikia.

"Baba, nimemaliza kile kitabu, lakini nasikia hamu ya kukianza upya. Je, si kupoteza muda?"

Akaniuliza swali moja tu: "Hao ndugu Karamazov walikuwa wangapi?"

"Watatu, Baba."

"Basi, frateri, kakisome tena."

Makala hii ni matunda ya jibu lile. Nataka tutafakari pamoja hamu ya kurudia kitabu inatoka wapi, na inataka kutupeleka wapi. Naomba radhi mapema kwa wale ambao hawajakisoma: nitalazimika kutaja mwisho wake.

1. Kitabu chenyewe kwa ufupi

Dostoevsky alizaliwa Moscow mwaka 1821. Mwaka 1849 alikamatwa kwa kuwa katika kikundi cha watu waliojadili mawazo yaliyopigwa marufuku na serikali ya Tsar. Alipelekwa uwanjani kuuawa kwa risasi, na dakika za mwisho akatangaziwa kwamba adhabu imegeuzwa kuwa kifungo cha kazi ngumu Siberia. Njiani kuelekea gerezani alipewa kitabu cha Agano Jipya, akakitunza hadi kufa kwake. Mwezi wa Mei 1878 mtoto wake mdogo, Alyosha, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu, alifariki kwa kifafa. Majira yale yale ya kiangazi, baba huyu mfiwa alikwenda katika monasteri ya Optina, akifuatana na mwanafalsafa kijana Vladimir Solovyov, akazungumza na mzee wa kiroho Ambrose. Kisha akaandika riwaya hii. Ilitoka kwa sehemu katika jarida moja la Urusi kati ya mwaka 1879 na 1880. Mwanzoni mwake aliweka Yohane 12:24, mstari ule wa punje ya ngano inayoanguka na kufa ili izae. Mwandishi mwenyewe alifariki mapema mwaka 1881.

Hadithi yenyewe ni hii. Mzee Fyodor Karamazov, mlevi na mpenda anasa, ana watoto wa kiume waliokua bila malezi yake. Dmitri ni askari mwenye hasira za haraka. Ivan ni msomi. Alyosha, mdogo wao, ni mnovisi anayeishi monasterini chini ya uongozi wa mzee wa kiroho Zosima. Baba na Dmitri wanagombea fedha, na wanamgombea mwanamke mmoja, Grushenka. Usiku mmoja mzee anauawa na rubles 3,000 zinatoweka. Dmitri anakamatwa, anashtakiwa, na anatiwa hatiani kwa kosa ambalo hakulitenda. Muuaji ni Smerdyakov, mpishi wa nyumba ile, ambaye anajinyonga usiku wa kuamkia siku ya kesi.

2. Usomaji wa kwanza hutafuta mwisho

Mara ya kwanza nilisoma kama hakimu aliyechelewa kurudi nyumbani. Nilitaka kujua nani kaua, na kesi itaishaje. Kila kilichonichelewesha kilinichosha.

Katika Kitabu cha Tano cha riwaya hii, Ivan anamweleza Alyosha kwa nini mateso ya watoto wasio na hatia yanamfanya ashindwe kuupokea ulimwengu wa Mungu. Hoja yake ni nzito. Hasemi kwamba Mungu hayupo. Anasema tu kwamba hawezi kuikubali furaha ya mwisho kama bei yake ni machozi ya mtoto mmoja aliyeteswa. Sikulala vizuri usiku ule. Mimi ninayesoma falsafa ili siku moja niwahudumie watu, nilijiuliza: akija mzazi mfiwa akaniambia maneno haya, nitamjibu nini? Nikaendelea kusoma kwa pupa nikitafuta ukurasa ambao Ivan atajibiwa. Sikuuona.

Kumbe ulikuwepo, na nilikuwa nimeupita. Dostoevsky alieleza katika barua zake kwamba jibu kwa Ivan ni Kitabu cha Sita, chenye maisha na mafundisho ya mzee Zosima. Alisema pia kwamba jibu hilo halipingi hoja moja baada ya nyingine. Limetolewa kwa mfano wa picha. Kitabu hicho cha Sita mimi nilikuwa nimekimaliza kwa siku mbili, nikirukaruka aya, kwa sababu hakukuwa na tukio. Hicho ndicho kitu nilichokuwa nimekisahau nyumbani.

Mtakatifu Augustino anatusaidia kuelewa jambo hili. Katika Kitabu cha XI cha Maungamo anatumia mfano wa mtu anayetaka kuimba zaburi anayoijua. Kabla hajaanza, tazamio lake limeelekea zaburi nzima. Anapoimba, kila mstari unatoka katika tazamio na kuingia katika kumbukumbu, na ule wote bado upo mbele ya akili yake. Kisha Augustino anasema kwamba ndivyo yalivyo pia maisha yote ya mtu. Sasa, anayesoma riwaya kwa mara ya kwanza hana zaburi nzima kichwani. Ana mstari mmoja mmoja tu, naye hajui upi ni mzito. Anayerudia anausoma mwanzo akiwa ameubeba mwisho. Maneno ni yale yale, ila sasa kila mstari unasikika pamoja na yote yatakayoufuata.

3. Ndugu wa nne

Nilianza tena siku za likizo, bila haraka. Nilipofika Kitabu cha Tatu nikaelewa swali la padre mlezi.

Katika mji ule alikuwapo mwanamke asiye na makao, Lizaveta, aliyekuwa bubu wa akili, akilala popote. Watu walimwita kwa jina la kumdhihaki linalohusu harufu mbaya. Siku moja akaonekana ni mjamzito. Uvumi ulimtaja mzee Karamazov. Usiku wa kujifungua, Lizaveta aliruka ukuta akaingia bustanini kwa mzee huyo, akajifungulia katika banda la kuogea, akafa. Mtumishi Grigory na mkewe, waliokuwa wametoka kumzika mtoto wao siku ile ile, wakamchukua kichanga wakamlea. Watu wakampa jina la baba la Fyodorovich, maana yake mwana wa Fyodor, na mzee hakulikataa. Hata jina la ukoo, Smerdyakov, alilitunga yeye mwenyewe kutokana na lile jina la dhihaka la mama. Baadaye akampeleka Moscow kujifunza upishi, akamrudisha jikoni.

Mwandishi hatuambii kwa uhakika nani ni baba. Lakini anatuwekea kila kitu mezani, na mimi nilikuwa nimekiona kwa macho yangu mawili. Nilijua uvumi wote ule, na bado nilipoulizwa idadi ya ndugu, nilijibu "watatu". Nilimhesabu Smerdyakov kama walivyomhesabu watu wa nyumba ile: mtu wa jikoni.

Tena si mimi peke yangu. Mzee Zosima, kabla ya kufa, anamtuma Alyosha aende akawe karibu na ndugu zake, na anakazia: si mmoja tu, bali wote wawili. Wawili! Alyosha ndiye mtu mwema kuliko wote katika riwaya ile. Anawasikiliza walevi, watoto watukutu na wanawake waliodharauliwa. Lakini mara ya pili nilimfuatilia kwa kalamu ya risasi, nione ni wapi anakaa na Smerdyakov na kumwuliza habari zake. Sikupata. Anapomkuta bustanini akipiga gitaa, anamwuliza tu kama ndugu yake Dmitri atarudi mapema. Smerdyakov anamjibu kwamba yeye si mlinzi wa Dmitri. Tunajua jibu hilo lilisikika kwanza wapi: Mwanzo 4:9. Muda mfupi baadaye Ivan naye anajibu vivyo hivyo, na anatambua mwenyewe kuwa ni jibu la Kaini. Mara ya kwanza niliona kwamba maneno ya Kaini yanamhusu Dmitri tu. Mara ya pili nikajiuliza: na Smerdyakov, nani alikuwa mlinzi wake?

Tusielewane vibaya. Kuona kidonda cha mtu si kufuta kosa lake. Smerdyakov aliua kwa kupanga, na akaacha mtu mwingine abebe hukumu. Papa Benedikto XVI, katika waraka wake Spe Salvi wa mwaka 2007, namba 44, anaitaja riwaya hii anapofundisha kwamba neema haifuti haki, na kwamba watenda mabaya hawataketi mezani pamoja na wale waliowatesa kana kwamba hakuna kilichotokea. Hata hivyo Zosima anafundisha kwamba kila mmoja wetu anawajibika kwa ajili ya wote na mbele ya wote. Mara ya kwanza niliyaona maneno hayo kuwa ya kutia chumvi. Mara ya pili niliona yanavyofanya kazi: muuaji wa riwaya hii ni mtu ambaye wote walipita mbele ya mlango wake.

4. Kofi kwa swali jema

Kuna tukio moja dogo ambalo mara ya kwanza lilinichekesha. Smerdyakov akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, Grigory anamfundisha Maandiko Matakatifu. Mtoto anatabasamu. Anapoulizwa sababu, anasema: Mungu aliumba nuru siku ya kwanza, na jua, mwezi na nyota siku ya nne, basi siku ya kwanza nuru ilitoka wapi? Grigory anakosa la kusema. Anampiga kofi. Mtoto hajibu neno, anajificha pembeni siku kadhaa. Baada ya wiki moja kifafa chake kinaanza, kinachomfuata maisha yake yote.

Sisi tunaosoma falsafa tunajua kwamba swali hilo si la utani. Mtakatifu Augustino alilitafakari kwa miaka mingi katika maandishi yake juu ya kitabu cha Mwanzo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino analishughulikia katika Summa Theologiae, sehemu ya kwanza, swali la 67. Walimu wawili wakubwa wa Kanisa walilipa swali hilo karatasi na usiku wa kazi. Mtoto wa jikoni alilipwa kofi.

Niliposoma tukio hili mara ya pili sikucheka, kwa sababu nilimkumbuka mtu. Wakati wa likizo moja nilikuwa nikisaidia mafundisho ya Komunyo ya Kwanza katika kigango chetu. Mvulana mmoja alisimama akauliza: "Frateri, mdogo wangu alikufa hajabatizwa. Yuko wapi?" Tulikuwa tumebakiza dakika kumi, na bado sala ya kutubu hawakuwa wameikariri. Nikamwambia, "Kaa chini, hilo tutaliongea siku nyingine." Akakaa. Siku nyingine haikufika. Sikumpiga kofi, ni kweli. Lakini alikaa chini kwa namna ile ile.

Hapo ndipo niliposadiki kwamba hamu ya kurudia kitabu haikuwa hamu ya kujiburudisha. Ilikuwa dhamiri. Kitabu kilikuwa kimeliona jambo ndani yangu kabla sijaliona mimi, na hakikutaka kuniacha niondoke.

Likizo iliyofuata nilimtafuta. Alikuwa akichunga mbuzi karibu na korongo. Nilimweleza linalofundishwa na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1261: kwamba Kanisa linawakabidhi watoto waliokufa bila ubatizo kwa huruma ya Mungu, nalo lina matumaini kwamba ipo njia ya wokovu kwa ajili yao. Alisikiliza kwa adabu. Kisha nikamwuliza mdogo wake aliitwa nani. Akanitajia jina, halafu akaanza kuongea, na aliongea muda mrefu kuliko mimi.

5. Kanisa ni familia inayorudia kusoma

Ndugu msomaji, ukifikiri vizuri utaona kwamba Mama Kanisa ametulea hivyo siku zote. Masomo ya Dominika yanazunguka miaka mitatu, Mwaka A, B na C, kisha tunaanza upya. Masomo ya siku za kawaida za juma yana mzunguko wa miaka miwili. Wanaosali Masifu wanazipitia zaburi kwa majuma manne, kisha wanarudi juma la kwanza. Hakuna anayesema, "Injili hii niliisikia miaka mitatu iliyopita, imetosha." Injili haijabadilika, ila aliyeisikia akiwa na mama yake hai anaisikia leo akiwa yatima.

Tazama wanafunzi wa Emau katika Luka 24. Walikuwa wanayajua Maandiko tangu utoto, na walikuwa wameyaona matukio ya Yerusalemu. Hawakukosa habari, walikosa kuuona mwanzo kwa nuru ya mwisho. Mfufuka akawarudisha nyuma, akianzia na Musa na manabii wote, na mioyo yao ikawaka. Mwinjili Yohane naye anatuambia zaidi ya mara moja kwamba wanafunzi walielewa maneno na matendo ya Bwana baadaye tu, alipokwisha kufufuka na kutukuzwa. Imani yetu yenyewe, kwa namna fulani, ni usomaji wa pili.

Wamonaki wa kale walikuwa na neno la mifugo kwa jambo hili: kucheua. Ng'ombe hula malishoni haraka, kisha akilala kivulini hukirudisha chakula kinywani na kukitafuna taratibu. Chakula kile kile, lakini mara ya pili ndipo kinapogeuka kuwa maziwa. Guigo wa Pili, Mkartusi wa karne ya 12, alizipanga ngazi nne za usomaji mtakatifu: kusoma, kutafakari, kusali na kuzama katika Mungu. Anayeishia ngazi ya kwanza ameweka chakula mdomoni tu.

Riwaya si Maandiko Matakatifu, na haipaswi kuchukua nafasi yake. Lakini Papa Fransisko, ambaye akiwa Mjesuiti kijana alifundisha fasihi Santa Fe, Argentina, mwaka 1964 na 1965, alituandikia barua ya tarehe 17 Julai 2024 kuhusu nafasi ya fasihi katika malezi. Anasema alianza akiwafikiria wanaolelewa kuwa mapadre, kisha akaona inawahusu Wakristo wote. Kwake, kusoma ni kujizoeza kusikiliza sauti ya mtu mwingine. Anayeshindwa kumsikiliza mpishi wa kwenye kitabu atamsikiliza vipi mpishi wa seminari?

6. Tahadhari na njia

Si kila hamu ya kurudia ni njema. Kuna kurudia kwa kukimbia: mtihani uko mezani, mwenzako anaumwa bwenini, nawe unajifungia na Warusi. Kuna kurudia kwa majivuno, ili uweze kusema, "Mimi nimekisoma mara tatu." Na kuna kurudia kurasa zile tu zinazokupendeza. Ningerudia hotuba za Ivan peke yake, ningebaki na kidonda bila dawa. Ningerudia mafundisho ya Zosima peke yake, ningekuwa na majibu mepesi kwa watu waliolemewa. Kipimo ni kimoja: je, baada ya kusoma unarudi kwa watu ukiwa na masikio makubwa zaidi, au ukiwa na mdomo mkubwa zaidi?

Kwa anayetaka kujaribu, haya ndiyo yaliyonisaidia. Kwanza, anza na sehemu iliyokuchosha, kwa maana mara nyingi uvivu wetu unaonyesha mahali tusipotaka kuguswa. Pili, chagua mtu mmoja uliyempita, umfuatilie yeye tangu mwanzo hadi mwisho. Tatu, soma kidogo, kisha ufunge kitabu ujiulize: katika maisha yangu, nani anafanana na huyu? Nne, ongea na mwenzako au mlezi wako, kwa sababu swali lililonifungua mimi sikulitunga mwenyewe.

Na kwa mwanaparokia asiye na riwaya wala muda wa kurasa mia nane, kitabu cha Ayubu kipo katika Biblia yako. Mzee Zosima anasimulia kwamba alikisikia kanisani Juma Kuu akiwa mtoto wa miaka minane, na kwamba tangu siku ile hakuweza kukisoma bila machozi. Kisome hadi mwisho. Ukishafika mwisho, rudi uwasikilize upya wale rafiki watatu, ujiulize kama hujawahi kuketi kwenye kiti chao.

Hitimisho

Wiki iliyopita nilirudisha kitabu maktaba. Padre mlezi alinikuta mlangoni akaniuliza tena, "Ni wangapi?" Nikamjibu, "Wanne, Baba." Akatikisa kichwa kukubali, kisha akaniambia niende jikoni nikamshukuru anayetupikia uji wa asubuhi, na nisirudi bila kujua watoto wake wanaitwa nani. Nilikuwa nimekunywa uji ule kwa miaka miwili. Sikuwa nayajua majina yao. Sasa nayajua.

Maswali ya tafakari

1. Ni kitabu gani, au ni somo gani la Biblia, ulilolimaliza upesi kwa sababu ulikuwa unatafuta mwisho wake?
2. Katika nyumba, jumuiya au parokia yako, ni nani ambaye ungemsahau ukiambiwa uwahesabu ndugu?
3. Ni swali gani la mtoto au la mtu mnyonge ambalo uliliambia, "Siku nyingine"? Siku hiyo unaweza kuipanga lini?